Ubani Katika Mvinyo wa Mawifi

Mhariri amenitumia jumbe zenu na nimezisoma zote. Wengi mnauliza kwa nini nilimwambia Ssenyonga asubiri. Msomaji mmoja wa Tanga ameniita mpumbavu mwenye bahati. Ngojeni mfike mwisho wa habari ya leo, mtaniita jina baya zaidi, na sitabisha.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa mandazi: naitwa Kyomuhendo, Mganda wa Hoima niliyelelewa kambi ya jeshi kule Jinja, ndiko nilikookota Kiswahili hiki. Miaka minne nilifanya kazi za ndani hapa Maskati, nyumbani kwa Bi Ghaliya wa Azaiba, Muomani aliyezaliwa Unguja. Bi Ghaliya akafariki, watoto wake wakagawana vyombo, mimi nikatoka na begi moja na chetezo chake cha udongo cha kufukizia, alichoniachia kwa mdomo wake. Ssenyonga, mtunza stoo ya vinywaji katika hoteli moja ya pwani, akanitafutia kazi ya kuhudumu mezani.

Kwenye usaili waliniuliza kama ninakunywa mvinyo. Nikasema nakunywa.

Uongo. Baba yangu aliuawa na waragi, na siku tuliyomzika niliapa kaburini kwake kwamba pombe haitagusa ulimi wangu mpaka nami nifukiwe.

Kwa hiyo miezi kumi na minne nimeuza kitu nisichokijua ladha. Hasa mvinyo mmoja mwekundu wa Italia ya kusini, unaoitwa Tre Cognate, yaani Mawifi Watatu. Ni mvinyo wa watu wa kawaida. Hauna maringo, hauhitaji mtu aliyeusomea, unakwenda na tambi na unakwenda na nyama ya kuchoma, na mgeni haumtoi jasho kwa bei. Ssenyonga alinikaririsha karatasi yake kule stoo, mimi nimeketi juu ya kreti, yeye amesimama na funguo zake kiunoni.

"Sema tena. Wifi wa kwanza?"

"Negroamaro. Zabibu nyeusi, chungu. Ndiye anayeupa mwili na ukakasi."

"Wa pili?"

"Primitivo. Anaiva kabla ya wenzake. Wakulima wanasongoa kikonyo cha kishada kikiwa bado mtini, zabibu zinasinyaa juani wiki mbili, sukari inakolea."

"Wa tatu?"

"Malvasia. Kidogo tu, kwa ajili ya harufu."

"Na mdomoni mgeni anapata nini?"

"Cheri, plamu, na pilipili manga kwa mbali."

"Umewahi kula cheri, Abwooli?"

Abwooli ndilo jina langu la heshima, la kwetu Bunyoro. Yeye ni wa kabila la Baganda, hana jina la namna hiyo, lakini alijifunza kuniita hivyo na hakuna mwingine Oman nzima aliyejisumbua.

"Nimeona picha," nikamwambia, akacheka mpaka akashika rafu.

Kilichoniokoa ni pua. Bi Ghaliya alinifundisha kuchanganya buhuri ya kufukiza nyumba, udi kiasi gani, sukari kiasi gani, waridi kiasi gani, na alikuwa mkali, ukikosea anamwaga yote. Basi mbele ya wageni nilikuwa nanusa mvinyo, napeleka glasi mdomoni, naiinamisha, naishusha. Hakuna aliyewahi kugundua kwamba kilichomo hakipungui.

Hata Afra hakugundua. Afra ndiye meneja wa shughuli zote za mgahawa, Muomani kijana, bibi zake wa Unguja, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha.

"Mimi sinywi, wala bilauri yake siishiki," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe ndo pua yangu. Ukinambia mzuri, mie nnauza."

Hebu fikirieni. Wanawake wawili, hakuna hata mmoja aliyeuonja, na ndio mvinyo uliokuwa ukinunuliwa kuliko wote pale.

Wiki jana niliishia pale Afra aliponiita ofisini. Mwenye mvinyo, Signora Ornella, alikuwa kwenye meli ya watalii itakayotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos. Atashuka asubuhi, saa kumi na mbili jioni meli inang'oa. Saa tisa mchana atakuwa kwetu, awaonjeshe wageni thelathini, na mimi ndiye nitakayemimina.

"Siku hiyo ikipita salama," Afra akasema, "nnakuandikia barua ya usimamizi wa vinywaji. Stoo, mgahawa, vyote."

Ndiyo maana Ssenyonga aliponiambia twende kwa mchungaji tukafunge ndoa nilimjibu, ngoja kwanza nipate cheo. Hapo ndipo mliponitukana.

Sasa sikieni nilichofanya.

Nyumbani kwa Bi Ghaliya hakuna mgeni aliyekunywa katika chombo kitupu hivi hivi. Kwanza unatia makaa kwenye chetezo, unadondosha punje mbili za ubani, moshi ukishapanda mweupe unaufunika kwa bilauri, unaiacha ishike. Ukitia maji humo yanakuwa na harufu ya baridi, matamu. "Mgeni akinywa ajuwe alikuwa anangojewa," alikuwa akisema.

Signora alikuwa mgeni mkubwa kuliko wote niliowahi kupokea. Saa saba mchana nikabeba glasi thelathini na sita mpaka nyuma ya chumba cha kufulia, nikawasha chetezo, nikazifukiza moja baada ya moja, nikazifunika kitambaa cheupe. Nilifanya kwa moyo. Nilikuwa najiimbia.

Mtauliza, pua yote hiyo, hukujua? Jamani, Maskati ni ubani. Umo sokoni, umo kwenye lifti, umo kwenye kanzu za dishdasha za waume na shela za wake, na pale mapokezi ya hoteli unachomwa toka asubuhi mpaka usiku. Mwaka wa kwanza unaunusa. Wa pili unausahau. Wa tano haupo tena. Nilinusa zile glasi nikaona safi. Afra akapita akazitazama kwenye mwanga, akasema mashallah.

Saa tisa Signora akaingia. Mama wa miaka sabini, mfupi, amevaa raba, mikono ya mtu wa shamba. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tukaelewana tangu salamu.

"Mnauliza mawifi ni akina nani," akawaambia wageni. "Mimi, na dada wawili wa marehemu mume wangu. Kila mmoja na shamba lake, kila mmoja na zabibu zake. Miaka kumi na moja hatukusalimiana."

Watu wakacheka.

"Ikaja mvua ya mawe. Asubuhi yake hakuna aliyebaki na zabibu za kujaza tangi. Tukamwaga zote pamoja, kwa hasira, kila mmoja anamchunga mwenzake asimpunje."

"Mkapatana?" mgeni mmoja akauliza.

"Hapana. Mvinyo ndio uliopatana. Wao wako nyumbani, mimi niko melini, na kila mtu ana raha."

Wakacheka tena. Kisha akawa mkali kidogo, kama mtu anayezungumzia mwanawe.

"Sikilizeni. Wetu haukai kwenye pipa la mbao. Pipa ni la matajiri. Unachacha pamoja na maganda yake siku nane, unahamia kwenye tangi la saruji, unalala humo mpaka baridi iishe, basi. Hakuna mbao, hakuna moto. Unakunywa zabibu tu."

Nikammiminia. Akazungusha glasi, akanusa.

Akasita. Akanusa tena. Akapiga funda dogo, akalitema kwenye leso.

"Huu si wangu."

Wageni wakageuka kuitazama chupa.

"Labda chupa hii imeharibika," Afra akasema haraka. "Ssenyonga, lete nyengine, ifungue hapa hapa."

Ssenyonga akaleta chupa iliyozibwa, akaionyesha, akaifungua mbele ya watu wote. Nikachukua glasi nyingine kutoka chini ya kile kitambaa cheupe. Nikamimina. Signora akanusa tu, hata hakuonja.

"Huu pia. Kuna moshi. Kuna utomvu wa mti. Mtu amezifungua chupa zangu, amejaza takataka, amezitia kizibo upya." Akamgeukia Ssenyonga. "Stoo ni ya nani?"

Aliposema utomvu, nikakitazama kile kitambaa cheupe. Nikajua papo hapo. Utomvu wa mti ndio ubani wenyewe.

Kilichohitajika ni mimi kusema, naomba nilete glasi nyingine kutoka jikoni. Basi. Hayo tu.

"Funguo za stoo ninazo mimi peke yangu," Ssenyonga akajibu. "Lakini chupa hizi ni za kweli. Nimezipokea mwenyewe, hakuna mkono uliozigusa."

"Nenda ofisini ukangoje," Afra akamwambia, na askari wawili wa ulinzi wakasogea.

Akaweka kizibuo mezani. Akatembea mpaka mlangoni, hapo akageuka.

"Muulizeni Kyomuhendo, madam. Yeye anaujua huu mvinyo kuliko mimi. Akisema siyo, mimi nitakubali."

Akatoka.

Afra akanigeukia. Wageni thelathini wakanigeukia. Signora akanisukumia glasi.

"Onja," Afra akasema. "Nambie. Ndo wenyewe au siyo?"

Nikainua glasi. Nikafanya mchezo wangu wa siku zote, nikainamisha, nikaigusisha mdomo uliofungwa. Kichwani mambo yalikuwa yanakimbizana. Nikisema ubani, wataniuliza ilikuwaje muonjaji wa miezi kumi na minne asiusikie. Wataniambia onja tena, meza tuone. Itajulikana sijawahi kumeza hata tone. Cheo kitakwenda, kazi itakwenda, nitarudi kulala vyumba vya watumishi kwenye nyumba za watu. Nikisema ndio wenyewe, nitamfanya mama wa watu mwongo mbele ya wateja.

Nilikuwa na woga. Sina neno lingine la kuupamba.

"Siyo, madam," nikasema.

Nilijiambia nitalitengeneza baadaye, mambo yakipoa. Nitamfuata Afra peke yake, nitamweleza taratibu. Nikaanza kukusanya glasi. Signora akaondoka kwa hasira saa kumi, basi dogo la meli likaja kumchukua. Nikamwona Afra anapita na simu sikioni, nikamkimbilia.

"Madam, Ssenyonga atafanywaje?"

"Anaandikiwa barua ya kukiri na kuacha kazi. Akitia saini, anakwenda kwao kimya kimya. Akikataa, tunaita polisi. Nshamwambia hayo, hataki. Niache, Kyomuhendo, kichwa kinaniuma."

Na mimi nikamwacha. Naandika hivi kwa aibu, nilimwacha akapita.

Nikaingia jikoni. Kwenye sinki kulikuwa na muosha vyombo mpya, baba wa Kinepali, ana wiki mbili tu nchini. Nikampa moja ya zile glasi.

"Nusa."

Akanusa. "Hekalu," akasema, akatabasamu. "Kama hekalu la kwetu."

Hapo nikashindwa kukaa. Nikachukua kikombe cha chuma cha wafanyakazi, nikakiosha kwa maji ya moto mara tatu, nikampa anuse kila mara, mpaka akasema mafi, hakuna kitu. Mezani kule ukumbini ilibaki chupa moja haijafunguliwa. Nikaifunga kwenye aproni, nikaitia mkobani pamoja na kile kikombe na kizibuo cha Ssenyonga, nikatoka kwa mlango wa taka.

Kutoa chupa hotelini ni wizi. Kuzunguka nayo mjini bila kibali ni kesi ya polisi. Nilijua yote mawili. Nikasimamisha teksi.

"Mutrah, bandarini. Yallah, baba, yallah!"

Basi la meli nililikuta kwenye foleni ya geti, magari sita mbele yake. Nikagonga kioo mpaka dereva akafungua kunifokea. Nikapita ubavuni kwake. Signora alikuwa kiti cha nyuma, peke yake.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyesema siyo."

"Nilisema uongo, Signora."

Nikamwambia. Glasi, makaa, ubani, Bi Ghaliya, maji ya wageni. Nilizungumza mbio kama mtu anayefukuzwa, maana foleni ilikuwa inasogea. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Saa mbili zilizopita siyo. Sasa ndiyo. Nimuamini yupi?"

"Usiniamini mimi. Onja." Nikafungua chupa, nikamimina kwenye kikombe. "Chupa haijaguswa, kikombe hakina moshi. Onja, tafadhali. Kuna mtu anafukuzwa."

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakirudisha kwa kidole.

"Kunywa wewe kwanza."

"Mimi sinywi."

"Unauza mvinyo wangu na hunywi?"

"Sijawahi, Signora. Hata leo mbele yako sikuonja. Nilijifanya."

Basi likasogea gari moja mbele. Nilidhani atanizaba kofi. Lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi neno lako la mchana si kitu, na neno lako la sasa pia si kitu. Unataka ninywe kitu kutoka kwenye mkoba wako. Kunywa kwanza, au shuka."

Nikamwona baba yangu, amekaa mlangoni kambini na kichupa chake, anacheka peke yake. Nikamwona Ssenyonga ameshika rafu anacheka. Mmoja alikuwa kaburini, mwingine alikuwa anachungulia lake.

Nikanywa.

Hakukuwa na cheri wala plamu. Kulikuwa na uchungu, ulimi ukashikwa na ukakasi kama nimetafuna ndizi mbichi, halafu nyuma kabisa utamu ukaja umechelewa. Machozi yalinitoka. Nilimwomba baba msamaha kwa sauti, Kinyoro, ndani ya basi la watalii.

"Ndio wenyewe," nikasema.

Signora akakichukua kikombe, akanusa muda mrefu, akapiga funda. Akafumba macho.

"Ah," akasema. "Wifi yangu mkubwa huyu. Mchungu hivi hivi." Akanishika bega kwa nguvu. "Ni wetu. Mpigie bosi wako. Sasa hivi!"

Nilipiga. Afra akapokea kabla haijaita mara mbili, sauti yake imekauka.

"Uko wapi wewe? Nnakutafuta hoteli nzima."

Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Glasi ni mimi, ubani ni mimi, mvinyo ni wa kweli, Signora huyu hapa ameonja, Ssenyonga hana kosa, sikuonja, sijawahi kuonja.

Afra akashika neno moja tu.

"Ubani," akasema. "Umezifukiza bilauri za mvinyo?"

"Kama alivyonifundisha Bi Ghaliya."

"Yaa Rabbi. Na mie nikazitazama, nisinuse kitu. Hivyo hivyo alikuwa akifanya bibi yangu." Nilimsikia anavuta kiti, anakaa. "Umechelewa, Kyomuhendo."

"Lakini alikataa kutia saini! Si umesema alikataa?"

"Alikataa. Saa nzima alikuwa anaapa chupa ni za kweli, tuite polisi tukitaka. Alikuwa anauliza jambo moja tu, Kyomuhendo ameonja? Mie nilikuwa simjibu. Mwisho nikachoka, nikamwambia. Ameonja, na amesema siyo."

"Akasemaje?"

"Si alisema ukisema siyo atakubali? Akaomba kalamu."

Basi likapita getini. Sikuliona geti.

"Ametia saini nini, madam?"

"Kila tulichomwandikia. Karatasi zishafika kwa mudiri, mkubwa wa hoteli. Na yeye mwenyewe kaomba ndege ya leo, hataki kulala hapa. Gari limeshatoka."

Signora alikuwa ananivuta mkono, uso wake umejaa furaha, anataka kujua bosi wangu amesema nini. Ule uchungu bado ulikuwa ulimini mwangu. Nikafungua mdomo nimtafsirie, nikashindwa.